Mke Wangu Kamfisha Mama Yangu Tena kwenye Televisheni

Mpendwa mshauri Bi Mwanakheri, shikamoo yangu naitanguliza mbele, na msaada wako nnauomba kwa mikono miwili, kwa sababu huu mwezi wa pili silali nikalala, wala chakula cha nyumbani kwangu hakinipiti kooni, na jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu wa mtaani kwa vile mtaa mzima unamjua mke wangu, na si mtaa tu, kisiwa kizima.

Mimi ni fundi wa magari katika karakana moja ya serikali, nakaa Kiembe Samaki, jina langu Bakar, la baba yangu niachie. Mke wangu anaitwa Mize, mzaliwa wa Tumbatu, na bila shaka ushamwona, maana ndiye yule anayekuwa bibi kizee katika kila mchezo wa Alhamisi tangu tuletewe televisheni, ijapokuwa umri wake haujafika arobaini na meno yake yote anayo. Akitakiwa mkunga ni yeye, akitakiwa mama mkwe mwenye mdomo ni yeye, akitakiwa mwombaji wa mlangoni, mchawi, bibi muuza ubuyu, shangazi anayeharibu harusi, ni yeye. Biharusi hajapata kuwa hata siku moja. Wasichana wazuri wa sura huja pale wakacheza michezo miwili mitatu, wakiposwa waume zao wanawakataza, yeye yupo tu na uzee wake wa kuazima.

Nikueleze alivyoanza usije ukasema nimekuficha. Mwaka wa sitini na sita walikuja watu wa sinema ya serikali kutafuta wanawake wa kutia katika filamu ya mbu na maji ya kutuwama, na kila mwanamke aliyeitwa alitaka awe yule mke msafi anayefunika mtungi, hapana aliyekubali kuwa yule mchafu, mwenye nywele timtim, ambaye watoto wake wanaugua homa kwa uvivu wake. Mize akasema, mimi nitakuwa. Mie nilikuwapo, nikamruhusu, nikaona ni jambo la siku moja. Basi ile filamu ikatembezwa na gari mashamba yote, wakitundika shuka nyeupe ukutani mwa skuli, Makunduchi, Nungwi, Mkokotoni, na kila ilikopita watu walimzomea yule mke mchafu kwa moyo wao wote, hata watu wa filamu walirudi wakamwambia Mize kwamba hawajapata kuona mwanamke anayezomewa vizuri namna ile. Pale Mkokotoni na watu wa Tumbatu walivuka kuja kutazama, nasikia na mama yake mzazi, Bi Mwatima, alikuwamo. Mkwe wangu yule hakuja tena kwetu mjini tangu mwaka huo, miguu nadhani, umri ulikuwa unamwendea. Baada ya filamu ikaja michezo ya redio, na baada ya redio ndiyo hii televisheni.

Sasa huko kwenye michezo yao hapana kitabu cha maneno. Mkubwa wao, Bwana Mwalim, huwakalisha juu ya mkeka akawaeleza kisa, wewe mama, wewe mtoto, hapa mnagombana, hapa mnapatana, na maneno kila mtu ayatoe mwenyewe kinywani mwake. Na maneno hayo yanatoka wapi, ndipo palipo na ugonjwa wangu, kwa sababu Mize huyachukua kwa watu. Siku moja alimfuata bibi mmoja asiyemjua kutoka sokoni Darajani mpaka Mwembetanga, kisa mwendo wake tu, akarudi nyumbani nao ule mwendo, akaniletea chai huku anachechemea, nikamwuliza umeumia wapi, akacheka. Mimi sikucheka. Nilijiambia, mtu huyu akinambia ameumwa kichwa, nitajuaje kama ni kichwa chake au cha mtu?

Bi Mwanakheri, sasa nakuja penyewe. Mama yangu, Bi Wanu, Mungu amrehemu, alikaa na sisi miaka minane. Mzaliwa wa Mwembetanga, mtu wa mjini tangu babu zake, Kiswahili chake kimenyooka. Alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kusema neno, na tumbaku yake akiifunga pembeni mwa kanga. Mwaka wake wa mwisho kiharusi kilimpiga, mkono wa kulia na mguu wa kulia vikafa, na ulimi ukawa mzito, unasikia mguno tu, neno hulipati. Mize ndiye aliyemwogesha na kumlisha, hilo silikatai. Nami nikaletewa amri kwenda Pemba miezi miwili kutengeneza matrekta. Asubuhi ya safari mama alinishika shati kwa ule mkono wa kushoto, hataki kuniachia, na gari ya kazini iko nje inapiga honi, nami, Mungu anisamehe, nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja nikamwambia, "Mama, unanichosha." Nikatoka bila ya kumbusu mkono. Siku ya kumi na saba akafa. Habari ilinikuta Wete, na nilipofika Unguja walikuwa washamzika Mwanakwerekwe, siku ya pili ile. Waliomwosha ni Mize na jirani yetu Bi Shamsi.

Nilimwuliza Mize suala moja tu, mama aliondokaje na mimi. Alikuwa anapepeta mchele, hakusimama, hakunigeukia, akasema, "Kakuwia radhi. Kaionyesha kofia yako pale msumarini, nkampa, kaiweka kifuani, kafa nayo." Basi. Akaendelea kupepeta. Mtu ambaye katika mchezo huwaliza watu kwa kuomba moto tu kwa jirani, habari ya mama yangu alinipa kama anayekwambia sukari imekwisha. Kofia nikaikuta msumarini imefuliwa. Nikaamini. Neno hilo likanitosha mwaka na nusu, nikifanya kazi, nikisali, nikilala.

Mpaka ikaja Alhamisi ile. Tulikuwa tumekaa mbele ya televisheni ya mtaa, wanaume mbele, wanawake nyuma, mchezo wenyewe wa mama mzee na mwanawe wa kiume, dereva, aliyekwenda mbali akamsahau. Akaingia Mize, na mie nilimwona mama yangu. Kikohozi mara mbili. Tumbaku pembeni mwa kanga. Watu wakacheka, na wanaomjua marehemu wakaniangalia, nikaona haya na huku shingo nainyoosha nimwone tena anatembea. Mwishoni bibi akalazwa, mwana akaja kutaka radhi, akapiga magoti akamshika mkono wa kulia, na yule bibi akauchopoa. Akaugeukia ukuta. Halafu akasema, wazi, neno moja moja, na kwa Kitumbatu, wakati mchezo mzima alikuwa anasema kama sisi, watu wakacheka wakidhani ni kichekesho. Kitumbatu mie nakijua cha kuokoteza, alisema hivi: mwanangu huyo simtaki, nikifa asinioshe, maji ya mkono wake yasinipite mwilini. Akafa. Nyuma yangu Bi Shamsi akanung'unika, "Ah, hapo wamekosea," mwengine akamwambia nyamaza bibi tusikie, na mchezo ukaisha.

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Mwalim. Akanambia, "Bwana Bakar, sisi tulikubaliana bibi amsamehe mwanawe. Mkeo katoka na yake. Mtoto niliyempa sehemu ya mwana alibabaika. Tukauacha hivyo hivyo, hata mie machozi yalinitoka."

Umeona, Bi Mwanakheri. Hakuambiwa. Kaitoa mwenyewe. Basi mie nasema, ile ya televisheni ndiyo kweli iliyomtoka, na ile ya kofia ndiyo mchezo, kanichezea mimi pekee yangu, na mama yangu kafa hana radhi na mimi. Nilimwuliza Mize, akanambia, "Mchezo tu ule, Bakar," na uso ukafunga. Tangu hapo namchunguza. Suala lile lile namwuliza asubuhi, namwuliza adhuhuri, namwuliza baada ya isha, nione kama jibu linapinda. Halipindi, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, maana mtu mkweli huwa anakosea kidogo. Juzi alilia. Nikamtazama vizuri, chozi likaanza jicho la kushoto, na kwenye televisheni pia huanza la kushoto. Chakula chake sili, nakula kazini.

Na mengine yaliyokuwa hayanishughulishi sasa nayaona. Juu ya kabati letu kuna kifurushi cha kanga kuukuu, kimefungwa fundo mbili, hataki kiguswe. Alifiwa na mama yake mwaka wa sitini na tisa, akenda Tumbatu alfajiri na kifurushi hicho, ubani, pamba, karafuu maiti, akarudi siku ile ile kabla ya magharibi nacho mkononi, fundo zote mbili vile vile. Nilidhani kachelewa, sikumwuliza. Mwaka wa tano huu kiko juu ya kabati. Mtu anayeweza kuficha kifurushi miaka yote hiyo anashindwa kuficha neno?

Kwa hivyo nimeamua. Yuko mwalimu mmoja wa Kidichi kakubali kunisomea Halbadiri Ijumaa ya mwisho wa mwezi, imshukie aliyeficha wasia wa mama yangu, awe nani awe nani. Na karatasi ya talaka nshaiandika, imo katika mfuko wa shati la kazini. Ninalokuomba unishauri ni moja, Halbadiri isomwe kwanza au nimwache kwanza? Nisaidie mwanao, mashaka yananila.

Bakar, Kiembe Samaki

*

Bwana Bakar, marahaba. Lakini kabla ya lolote, tia mkono katika mfuko wa shati lako la kazini, toa hiyo karatasi, nenda jikoni uitie motoni. Ukisharudi ndiyo uendelee kusoma. Mimi nipo, siendi pahala.

Majina yenu nimeyageuza, siku ya mchezo nimeigeuza, na nakala ya jibu hili nilikuletea kwa mkono karakanani kwako mapema, kwa sababu Ijumaa yako ya Kidichi haikuwa ya kungojea gazeti.

Umenambia huli chakula, umenambia hulali, na kwa hilo nakuonea huruma kwelikweli. Kufiwa na mama bila ya kuwapo, na ukawa umetoka nyumbani na neno kama lile ulilomwambia, ni mzigo, na hapana mtu anayeweza kukubebea. Lakini huruma yangu inaishia hapo. Kilichobaki ni kukusema, na nitakusema, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiisoma naona mtu aliyeshika taa mkononi anatafuta taa.

Wewe ni mtu mzima, umezika watu. Hebu nijibu. Maiti ya mwanamke anaiosha nani? Umeandika mwenyewe, mama yako aliyemwosha ni Mize na Bi Shamsi. Wanawake, Bwana Bakar. Mtoto wa kiume hamwoshi mama yake na wanawake wapo. Mtoto wa kiume hubeba jeneza, hushuka kaburini, humpokea mama yake kwa mikono. Bibi akitaka kumkatalia mwanawe wa kiume atasema asinibebe, asishuke kaburini mwangu. Hatasema asinioshe, kwa sababu hilo halikuwa lake tangu mwanzo. Bi Shamsi ni mtu wa kuosha maiti, alilisikia papo hapo, ndiyo akasema wamekosea. Wewe ulikuwa umekaa mbele yake, moto unakuwakia, ukasikia jina lako tu.

Hawakukosea. Maneno yale hayakusemwa na Bi Wanu, wala hakuambiwa mwanamume. Aliyeambiwa ni mtoto wa kike.

Tazama na mengine uliyoniandikia kwa mkono wako. Bibi wa mchezo kauchopoa mkono wa kulia. Mama yako mkono wa kulia ulikuwa umekufa mwaka mzima. Bibi wa mchezo kasema wazi, neno moja moja. Mama yako ulikuwa unasikia mguno tu. Bibi wa mchezo kasema Kitumbatu; na mama yako wa Mwembetanga alijifunza Kitumbatu lini, hapo kitandani? Kikohozi ni cha Bi Wanu, nakubali, na tumbaku ni yake. Mkeo aliazima mwili kwa mama yako kwa sababu aliuogesha na kuulisha, anaujua kila kiungo. Lakini kifo kile alikitoa kwao.

Kwao nani? Bi Mwatima alivuka mpaka Mkokotoni, akakaa mbele ya shuka nyeupe pamoja na majirani zake, akamwona mwanawe kichwa wazi, nywele timtim, watu mia mbili wanamzomea, na labda majirani wakamgeukia wakamwuliza, si binti yako yule? Tangu mwaka huo hakuja tena mlangoni kwenu. Na wewe, fundi mzima unayeweza kusikia injini ikikohoa ukajua wapi paharibika, ukadhani ni miguu.

Alipokufa mama huyo, mkeo aliondoka alfajiri na ubani, pamba na karafuu maiti. Mwanamke haendi na vitu hivyo kutazama, anakwenda kuosha. Akarudi navyo, fundo mbili vile vile. Ukadhani kachelewa. Kutoka mjini, akafika, akarudi kabla ya magharibi, binti aliyechelewa maziko ya mama yake si angebaki matangani? Mimi sikuwapo Tumbatu na siwezi kuapa. Lakini nimeishi na wanawake miaka sitini na nnajua sura ya mtu aliyezuiwa mlangoni. Walimwambia mama kasema usimwoshe. Akageuka na kifurushi chake, akarudi kukupikia.

Utauliza kwa nini hakukwambia. Ulimwuliza lini? Siku ile hukumwuliza, umeandika mwenyewe, bila ya haya. Kifurushi kimekaa juu ya kichwa chako unapolala mwaka wa tano huu, na siku ulipokitazama kwa mara ya kwanza ulikitazama ukitafuta hatia. Mkeo alikuwa na neno, hana wa kumwambia. Bwana Mwalim akamlaza kitandani akamwambia samehe, na likamtoka lile alilolisikia yeye, kwa lugha aliyolisikia. Alilisema mbele ya Unguja nzima kwa sababu pale hapana ambaye angejua. Watu wakacheka. Mumewe akaenda kuandika talaka.

Na hilo la jicho la kushoto, Bwana Bakar, mtu ana macho mawili tu. Ulitaka alie kwa jicho la jirani?

Unasema habari ya kofia alikupa vibaya, kama anayekwambia sukari imekwisha, kwa hivyo ni uwongo. Mimi nasema hiyo ndiyo alama ya ukweli wake. Mwanamke unayemweleza wewe angetaka kukudanganya angekupa mama aliyefungua macho, aliyelitaja jina lako mara tatu, aliyeacha maneno matamu ya kukuliza mpaka leo. Angeweza, tena bila ya taabu. Badala yake kakupa kofia na kifua, neno hata moja hamna, kwa sababu mama yako hakuwa na ulimi wa kusema neno. Kakupa kile kilichotokea na hakukiongeza chumvi. Mgongo alikupa kwa sababu mwenyewe alikuwa hajapewa na mama yake hiyo radhi anayokuletea wewe. Na niambie, wewe uko Pemba wiki ya tatu, kofia yako iko msumarini haijavaliwa, nani anaifua, na kwa sababu gani, kama haikutoka kifuani mwa maiti?

Ukitaka shahidi wa pili, Bi Shamsi yuko mlango wa pili. Lakini nakuomba usimwulize. Ushauliza vya kutosha, asubuhi, adhuhuri na baada ya isha.

Kuna jengine nitakwambia na halitakupendeza. Mama yako asubuhi ile alikushika shati. Mtu asiyekuwa na radhi na wewe hakushiki, anakuachia uende. Yule alikuwa anataka ubaki, basi. Hasira haikuwa yake, ilikuwa yako, na miezi miwili hii umekuwa ukimtafuta mwongo nyumbani kwako ili usikumbuke ulivyovibandua vile vidole. Hilo halisomewi Halbadiri. Linaombewa msamaha kwa Mungu, ukalitolea sadaka kwa jina la mama yako, ukenda Mwanakwerekwe ukamwombea, leo na kila Ijumaa. Halbadiri husomewa mwizi. Kumsomea mwanamke aliyekukalia na mama yako mpaka pumzi ya mwisho ni kujitafutia balaa mwenyewe, na usinishike mimi ikikurudia.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Kesho nenda Kidichi ukamwambie mwalimu yule kwamba aliyeficha umemjua na ni wewe. Ukitoka huko rudi kwako saa ya chakula, nawa mikono, ukae, ule. Usiseme nimeandika kwa Bi Mwanakheri, usiseme nimefahamu, mwanamke hapendi kufahamiwa na mtu aliyekuwa akimpeleleza. Ukishashiba mwambie maneno haya tu: "Mize, siku uliyorudi Tumbatu sikukuuliza. Nakuuliza leo." Kisha unyamaze. Asipojibu, usimkazanie, na kesho ule tena. Akijibu, muamini, hata akikwambia Bi Mwanakheri kakosea yote. Na macho yake usiyatazame lipi limeanza.

Akikubali, omba ruhusa kazini siku tatu, mpande gari la shamba mpaka Mkokotoni mvuke. Wewe ndiye mkwe, wewe ndiye uliyemruhusu kuingia katika ile filamu, basi wewe ndiye utakayetangulia kutoa salamu kwa kaka zake, si yeye. Waambie mimi ndiye niliyesema ndiyo. Msomeshe khitma ya Bi Mwatima kwa ubani wa kifurushi kile kile, na afungue fundo yeye mwenyewe. Mama aliyekufa na hasira bado anaombewa na mwanawe, na dua haimzuii mtu mlangoni. Wala usimtake aache kazi yake ili watu wa Tumbatu wapendezwe. Kazi hiyo ndiyo iliyomtesa na ndiyo iliyompa pahala pa kusema.

Na ukirudi, ukikaa mbele ya televisheni ya mtaa ukamwona anaingia mgongo umepinda, ukumbuke kitu kimoja. Mwanamke huyo alinyimwa kumwosha mama yake, akaja akamwosha wako. Unatafuta mtu wa kukuapia kwamba Bi Wanu aliondoka na radhi, nawe mikono iliyomfumba macho ndiyo hiyo hiyo uliyokataa kula chakula chake. Nenda nyumbani, Bwana Bakar. Wali unapoa.

Bi Mwanakheri